Jino la mbele limekufa na kubadilika rangi: njia nne za kulirudishia weupe, na hatari ya kila moja

Mdogo wangu alipigwa kiwiko cha mdomo akicheza kandanda kwenye mchanga wa ufuo wa Pirates, Mombasa, maji yakiwa yamekupwa. Damu ilikatika, mdomo ukavimba siku mbili, akasahau. Mwaka na nusu baadaye jino lake la mbele la juu lilikuwa na rangi ya majivu. Ndipo alipoitwa kwenye usaili wa kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya kaskazini mwa mji, akaanza kucheka huku ameziba mdomo kwa mkono.

Tulizunguka kliniki tatu, kuanzia Mwembe Tayari hadi Nyali, na tukapewa ushauri wa aina tatu. Wa kwanza alitaka kulikata jino na kulivika krauni (kofia ya kufunika jino zima) wiki hiyo hiyo. Wa pili alitaka kumlaza kitini na kumpaka dawa kali chini ya taa, kazi ya saa moja. Wa tatu aliomba picha ya eksirei kabla ya kusema lolote. Wote walizungumza kwa uhakika, na sisi tukarudi nyumbani tumechanganyikiwa kuliko tulivyoondoka. Ulinganisho huu nimeuandika kwa aliyesimama pale tulipokuwa sisi.

Jambo moja nililijua baadaye, na ningependa ulijue mapema. Jino lenye uhai likipakwa dawa ya kung'arisha hulalamika: hupata ganzi ukinywa maji baridi, nawe unapunguza au unaacha. Jino lililokufa halina mshipa wa kulalamika. Likiharibika, hutahisi chochote. Kwa hiyo usikubali "haliumi" kuwa ushahidi kwamba kila kitu ki salama.

Kwanza, limekufa kweli?

Rangi peke yake haitoshi. Jino la kijivu au la kahawia iliyokoza baada ya kuumia mara nyingi limekufa: damu ilimwagika ndani, ikavunjika, na chuma chake kikapenya kwenye vijitundu vidogo vya dentini, yaani tabaka la jino lililo chini ya ganda la nje. Lakini jino lililogeuka manjano baada ya pigo huenda liko hai. Kiini chake, sehemu laini ya ndani yenye mishipa, kimejijaza kwa dentini mpya, na mwanga haupiti kama zamani. Tena jino lililoumia juzi linaweza kuwa la kijivu kwa wiki au miezi, kisha likapata nafuu lenyewe, hasa kwa kijana ambaye mzizi wake haujakomaa. Daktari hupima kwa baridi, hugonga jino polepole, hupiga eksirei. Anayetaka kulitoboa bila hayo, muulize kwa nini.

Usichanganye pia na madoa ya nje. Tambuu, kahawa chungu, chai ya rangi, sigara na muguka (majani ya kutafuna aina ya miraa) huchafua meno mengi kwa pamoja, na mengi ya madoa hayo hutoka kwa kusafishwa tu. Jino moja lililokufa lina rangi yake ndani. Ulisugue mpaka Idi, halitabadilika.

Na kama limekufa kweli, rutikanali (kusafisha na kuziba mfereji wa ndani ya mzizi) hutangulia. Rangi huja baada ya mzizi kusafishwa na kuzibwa vizuri, na eksirei ionyeshe hakuna usaha wala kivuli kwenye ncha. Kung'arisha jino lenye maambukizi ni kupaka rangi ukuta unaovuja.

Tutakavyopima

Kila njia nimeipitisha kwenye maswali yale yale: inaufanyia nini mzizi, inaufanyia nini ufizi na mwili, inakata kiasi gani cha jino, inachukua muda na gharama gani, rangi yake hudumu vipi, na inamfaa nani.

Swali la mzizi ndilo zito, ngoja nilikae kidogo. Dawa zote hizi, kwa jina lolote, mwishowe hutoa haidrojeni peroksaidi. Dawa ikiwekwa ndani ya jino hupenya dentini na inaweza kutokea nje kwenye shingo ya jino, pale chini kidogo ya ufizi. Kwa watu wengi shingo hiyo imefunikwa vizuri. Kwa wachache, yapata mmoja katika kumi kwa hesabu inayofundishwa siku zote, enameli (ganda gumu la nje la jino) na ngozi ya mzizi hazikutani, na dentini iko wazi. Peroksaidi ikifika hapo, mwili unaweza kuwasha uvimbe, na chembe zinazokula mfupa zikaanza kuula mzizi kutoka nje. Hauumi. Huweza kuchukua miaka kuonekana, na wakati mwingine dalili ya kwanza ni doa la waridi shingoni mwa jino.

Hili si la kubuni. Mwaka 1979 Harrington na Natkin walieleza meno yaliyokuwa yameumia zamani, yakang'arishwa kwa peroksaidi kali iliyopashwa moto, kisha mizizi ikaliwa. Mwaka 1988 utafiti uliofuatilia meno 58 ulikuta manne yameliwa. Mwaka 1994 mwingine wa Australia ulifuatilia meno 204, nao ukakuta manne. Hatari si kubwa, ila ipo, na inaongezeka vitu vitatu vikikutana: peroksaidi kali, joto, na jino lililowahi kuumia. Hicho cha tatu hukichagui, maana pigo ndilo lililokufikisha hapa. Viwili vya kwanza vimo mkononi mwako na mwa daktari.

Kinga yenyewe ni kitu kidogo: kizibo. Kabla ya dawa kuingia, daktari hupunguza kwa juu ile gata, yaani kijazio kama mpira kilichoziba mfereji wakati wa rutikanali, kisha huweka tabaka la saruji ngumu, kwa kawaida glasi ayonoma ya unene wa milimita 2 hivi, ili dawa isishuke mzizini. Tabaka hilo linafuata mstari wa shingo ya jino.

Njia ya kwanza: dawa kufungiwa ndani ya jino

Daktari hufungua jino kwa nyuma, kupitia tundu lile lile la rutikanali, husafisha mabaki ya kiini yaliyojificha kwenye pembe (hayo peke yake huchafua rangi), huweka kizibo, kisha hujaza unga wa perboreti ya sodiamu uliochanganywa na maji hadi uwe kama mchanga uliolowa. Huziba kwa muda, wewe unarudi kazini na dawa iko ndani inafanya kazi. Unarudi baada ya siku 3 hadi 7 kubadilishiwa.

*Mzizi.* Perboreti na maji hutoa peroksaidi polepole na kwa kiasi kidogo, hakuna joto. Visa vingi vya mizizi kuliwa vilivyoandikwa vinatoka kwenye peroksaidi ya 30% au zaidi, tena pamoja na moto. Miaka ya sitini wengine walichanganya perboreti na peroksaidi hiyo badala ya maji ili kuharakisha, na mtindo huo bado upo. Tafiti kadhaa zilipolinganisha, rangi ya mwisho ilikaribiana; maji huhitaji ziara moja au mbili zaidi tu. Mimi ningelipa nauli ya hizo ziara bila kunung'unika.

*Ufizi na mwili.* Dawa imefungiwa, haigusi fizi isipokuwa kifuniko cha muda cha tundu kikivuja au kikitoka. Gesi ya oksijeni hujijenga ndani na inaweza kukisukuma. Kikitoka, rudi siku hiyo hiyo, usingoje miadi. Umoja wa Ulaya uliiondoa perboreti kwenye vipodozi mwaka 2010 kwa kuwa imewekwa kwenye kundi la kemikali zinazoweza kudhuru uzazi. Kinachofungiwa ndani ya jino ni kidogo mno, lakini mjamzito ana kila sababu ya kuahirisha jambo la urembo hadi ajifungue.

*Jino lenyewe.* Karibu hakuna kinachokatwa zaidi ya tundu lililokuwepo. Hii ndiyo fadhila yake kuu: ikishindikana, njia nyingine zote bado ziko wazi.

*Muda na gharama.* Ziara mbili hadi nne za dawa. Zikipita nne bila dalili, asiendelee tu, atafute sababu. Kisha dawa hutolewa na jino hungoja wiki moja au mbili kabla ya kujazwa kabisa, maana oksijeni iliyobaki huzuia kompositi (kijazio cha rangi ya jino) kushika. Vifaa ni vya bei nafuu. Unalipia kazi na ziara. Anayetoka Mtongwe au Likoni ahesabu na foleni ya feri.

*Rangi.* Madoa ya damu na ya kiini hutoka vizuri. Madoa ya chuma, kama ya kujazia kwa zamani kwa rangi ya fedha, hutoka kwa shida au hayatoki. Rangi inaweza kurudi taratibu baada ya miaka, hasa jino lisipozibwa vizuri.

*Anayefaa.* Mwenye jino ambalo halijavunjika sana, rutikanali safi, na subira ya wiki tatu au nne.

Njia ya pili: ndani na nje kwa pamoja

Kizibo huwekwa vile vile, ila tundu la nyuma huachwa wazi. Unapewa trei laini ya meno yako na bomba la jeli ya kabamaidi peroksaidi ya 10%, ambayo nguvu yake ni sawa na haidrojeni peroksaidi ya kama 3.5%. Unadunga jeli ndani ya tundu na kwenye trei, unavaa. Unabadilisha kila baada ya saa mbili au unalala nayo, kwa maelekezo ya daktari, siku chache tu.

*Mzizi.* Dawa ni hafifu, hilo ni jema. Lakini jino liko wazi, na kizibo ndicho kinachosimama kati ya mdomo mzima na rutikanali yako. Kikiwa na ufa, vijidudu vinashuka, na rutikanali iliyogharimu pesa inarudi mwanzo.

*Ufizi na mwili.* Trei isiyokaa vizuri humwaga jeli kwenye fizi, zikababuka kidogo, hupona. Meno jirani yenye uhai yanaweza kupata ganzi, kwa hiyo trei ikatwe ipake jino lililokusudiwa tu.

*Jino lenyewe.* Halikatwi zaidi, ila kwa siku hizo ni tupu ndani na ni dhaifu. Usimenyee muwa wala kung'ata mifupa ya samaki.

*Muda na gharama.* Ndiyo ya haraka kati ya zile za upole. Trei huongeza gharama. Jeli haipendi joto la hapa: iweke kwenye friji au mahali pa baridi, si kwenye dirisha la chumba kinachopigwa jua la saa nane.

*Anayefaa.* Mtu mwenye mikono mitulivu na nidhamu, anayeweza kusafisha tundu kila baada ya kula. Fikiria mbaazi za nazi na mahamri zikiingia humo asubuhi ukiwa unakimbilia matatu. Asiyeweza kurudi siku aliyoambiwa asiichague kabisa; tundu lililosahaulika wazi ni msiba. Katika Ramadhani wengi huona vyema kuisogeza hadi baada ya mwezi, au kuitumia usiku tu.

Njia ya tatu: dawa kali kitini

Hii ndiyo inayopigiwa debe sana mitandaoni, taa ya buluu na kicheko cha kabla na baada. Haidrojeni peroksaidi ya karibu 35% hupakwa nje, au ndani na nje, kwa dakika kadhaa, inafutwa, inarudiwa.

*Mzizi.* Hapa ndipo penye uzito wote nilioueleza juu. Ikipakwa nje tu, hatari kwa mzizi ni ndogo, lakini faida pia ni ndogo kwa jino ambalo doa lake liko ndani. Ikiwekwa ndani, hasa ikipashwa moto kwa taa au chuma cha moto, ndiyo ile ile iliyoandikwa tangu 1979. Joto huisukuma peroksaidi ipenye haraka zaidi. Daktari akisema ataipasha moto ndani ya jino lililowahi kuumia, mimi ningesimama, nikashukuru, nikaondoka.

*Ufizi na mwili.* Nguvu hii huunguza. Ufizi ukiguswa hugeuka mweupe na kuchoma; macho yafunikwe, midomo ipakwe mafuta, ufizi uzibwe kwa kinga ngumu. Mtu wa saluni hana mafunzo ya kukushughulikia hapa. Umoja wa Ulaya, tangu 2012, unaruhusu bidhaa zenye zaidi ya 0.1% hadi 6% kuuzwa kwa madaktari wa meno tu, na si kwa walio chini ya miaka 18. Ukilinganisha 6 na 35 utaona uzito wake.

*Jino lenyewe.* Halikatwi.

*Muda na gharama.* Ziara moja au mbili, na kwa kawaida unalipia haraka hiyo.

*Rangi.* Jino likikauka kitini huonekana jeupe kuliko lilivyo. Subiri siku kadhaa kabla ya kufurahi au kulipia ziara nyingine.

*Anayefaa.* Mwenye daktari anayetenga jino kwa mpira, asiyetumia moto, na anayetaka kuanzisha tu weupe kabla ya kuendelea na njia ya kwanza. Pia mwenye meno mengi hai yaliyofifia na moja lililokufa ambalo limeshatibiwa kwa ndani.

Njia ya nne: kulifunika

Kompositi ya juu, vinia ya kauri (kigamba chembamba cha kubandikwa mbele ya jino), au krauni. Hapa hakuna peroksaidi, kwa hiyo mzizi hauliwi kwa sababu hiyo. Hatari imehamia kwingine: jino lenyewe. Vinia huhitaji kuondoa kama nusu milimita ya enameli, krauni milimita moja hadi mbili kuzunguka jino zima. Kilichokatwa hakirudi. Jino lililokufa na kutobolewa tayari limepungua nguvu; ukilinyoa tena pembeni, linaweza kukatika shingoni. Ukingo usiokaa sawa huuwasha ufizi miaka yote.

Jambo lililomshangaza mdogo wangu: kauri nyembamba haifichi jino jeusi. Weusi huchungulia, au mtengenezaji anaweka tabaka zito lisilopitisha mwanga, na jino linakuwa kama kigae. Ndiyo maana madaktari wengi hung'arisha ndani kwanza hata kama mwisho wake ni vinia. Kwa gharama, kompositi ni ya chini na hubadilika rangi kwa chai na tambuu. Kauri ni ghali na hukaa miaka mingi. Inamfaa mwenye jino lililovunjika kona, lenye viraka vingi, au lililoshindwa kung'aa baada ya kujaribiwa.

Vya dukani na vya jikoni

Mkaa, ndimu, siki, magadi, ukanda wa kubandika ulionunuliwa mtandaoni: vyote hugusa nje. Ndimu na siki huyeyusha enameli, mkaa huikwaruza, na dawa ya kutolea madoa ya nguo huunguza mdomo. Jino lililokufa litabaki na rangi yake, majirani ndiyo watakaoumia.

Ya kuuliza kabla ya kufungua mdomo

"Naomba nione eksirei ya rutikanali yangu." "Utaweka nini juu ya gata, na kwa unene gani?" "Dawa ni perboreti na maji, au kuna peroksaidi kali? Utaipasha moto?" "Picha ya kufuatilia ni lini?" Daktari mzuri hatakasirika, wa tatu kati ya wale wetu alichora kwenye karatasi. Omba pia bei yote kwa maandishi, pamoja na kujaza kwa mwisho, na hakikisha yuko kwenye orodha ya KMPDC, baraza la kusajili madaktari na madaktari wa meno nchini Kenya, ambayo mtu yeyote anaweza kuiangalia mtandaoni.

Kwa hali yako

Jino zima, rutikanali safi, huna haraka: anza na dawa ya kufungiwa ndani, kwa maji. Mdogo wangu alifanya hivyo. Ziara tatu, na usaili alikwenda baada ya ya pili, jino likiwa limefifia kiasi cha kutosha kuushusha ule mkono.

Una harusi wiki ijayo: usiingie kwenye peroksaidi ya moto kwa sababu ya picha. Kompositi nyembamba ya juu, isiyokata jino, itakuvusha siku hiyo, na kazi halisi uifanye baadaye.

Uko makini na unakaa karibu na kliniki: ndani na nje itakufaa.

Kona imekatika au jino limejaa viraka: zungumzia krauni au vinia, lakini uliza kama litang'arishwa kwanza.

Una mimba au unanyonyesha: tibu maambukizi kama yapo, rangi ingoje.

Mtoto wa madrasa aliyeanguka na jino lake la utoto likawa la kijivu: usiling'arishe. Apimwe tu kama kuna usaha, litang'oka kwa wakati wake. Kijana ambaye ni jino la ukubwani, apimwe mara kwa mara kwanza, huenda liko hai.

Na wewe uliyeng'arishwa jino lililokufa miaka mitano au kumi iliyopita, hujui walitumia nini, na halijawahi kukuuma: nenda ukapige eksirei moja. Mzizi ukianza kuliwa na ukaonekana mapema, mara nyingi unaweza kuzibwa. Ukionekana baada ya doa la waridi kujitokeza, mazungumzo yanaweza kuwa ya kung'oa.